Palm Kwenye Tundu la Konsoli

Kusanidi ruta kwa kompyuta ya kiganjani ni ufundi uliozaliwa katika miaka ya mwisho ya 1990, pale vifaa viwili ambavyo havikuundwa vikutane vilipounganishwa kwa waya mmoja. Cha kwanza ni Palm, shajara ya kielektroniki iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1996 kwa ajili ya miadi, namba za simu na orodha za kazi za watu wa ofisini. Cha pili ni ruta, sanduku linalopokea vifurushi vya data kutoka mtandao mmoja na kuvielekeza kwenye mwingine. Ruta haikai mezani. Hufungwa kwenye kabati la chuma katika chumba chenye baridi na ngurumo za feni, au chini ya ngazi, au karibu na dari ya bohari, mahali ambapo mara nyingi hakuna pa kuketi wala pa kuweka kitu. Fundi aliyeitwa huko alikuwa na hiari mbili: kubeba kompyuta mpakato ya kilo tatu hivi pamoja na chaja yake, kisha kuikumbatia kwa mkono mmoja huku akiandika kwa mwingine, au kutoa mfukoni mwa shati kifaa cha gramu 160.

Kilicholiwezesha jambo hili ni uchache wa mahitaji ya ruta yenyewe. Ruta haina skrini wala kibodi. Ina tundu la konsoli, na kupitia hapo hutoa maandishi matupu, herufi baada ya herufi, na kupokea maandishi matupu. Kanuni ya umeme inayotumika ni RS-232, iliyotolewa Marekani mwaka 1960: volti hasi ni biti ya 1, volti chanya ni biti ya 0, waya mmoja wa kupeleka, mmoja wa kupokea na mmoja wa ardhi. Upande wa pili wa waya ruta hutarajia kukuta teminali ya aina ya VT100, mashine ambayo kampuni ya Digital Equipment ilianza kuiuza mwaka 1978: skrini ya herufi 80 kwa mistari 24, kibodi, na basi. Ruta za Cisco hutoka kiwandani konsoli ikiwa imepangwa kwa biti 9600 kwa sekunde, biti 8 za data, bila biti ya ukaguzi, na biti 1 ya kusimama. Pamoja na biti ya kuanzia, kila herufi hugharimu biti 10, kwa hiyo zisizozidi herufi 960 hupita kila sekunde. Chipu ya bei nafuu ya wakati ule iliimudu kazi hiyo bila jasho.

Tundu hilo lina heshima yake miongoni mwa mafundi kwa sababu halitegemei mtandao. Ruta mpya iliyotolewa kwenye boksi haina anwani ya IP, na hakuna njia ya kuifikia kwa mbali. Ruta iliyoharibiwa mipangilio yake nayo haifikiki. Na hata ile iliyo nzima ina hatari yake: anayeisanidi kupitia mtandao uleule ambao ruta inaupitisha yuko kama mtu anayekata tawi alilokalia. Amri moja ya kuzuia vifurushi, ikielekezwa kwenye mlango usio wake, humfungia nje fundi mwenyewe. Konsoli haina tatizo hilo. Aliyeshika waya wake anabaki ndani hata milango yote ya mtandao ikizimwa, na ndiyo maana kazi zilizo nzito zaidi hufanywa hapo, kwa miguu, mbele ya kabati.

Palm nayo ilikuwa na tundu la aina hiyohiyo, ingawa kwa sababu nyingine kabisa. Jeff Hawkins, aliyeibuni, alikusudia iwe msaidizi wa kompyuta ya mezani na si mbadala wake. Inajulikana kwamba kabla ya kuunda kifaa chenyewe alitembea na kipande cha mti cha ukubwa ule mfukoni, akijifanya kuandika miadi juu yake, ili aone kama mtu angevumilia kukibeba. Kifaa kilipokamilika kiliwekewa mlango wa siriali chini yake ili kukaa kwenye kitako na kulinganisha kumbukumbu zake na za kompyuta ya mezani kwa kubonyeza kitufe kimoja. Mlango huo wa kulinganisha miadi ndio mafundi waliouelekeza kwenye ruta. Ndani ya Palm mlikuwa na chipu ya Motorola iitwayo DragonBall, yenye mwendo wa megahezi 16, na kumbukumbu ya kilobaiti 128 katika Pilot 1000 au 512 katika Pilot 5000, matoleo yake ya kwanza.

Hapa kuna udugu ambao wengi walioshika vifaa hivyo viwili pamoja hawakuufahamu. Ruta za Cisco za mfululizo wa 2500, zilizojaa katika ofisi za matawi miaka ile, ziliendeshwa na chipu ya Motorola 68EC030 ya megahezi 20. DragonBall ilijengwa juu ya kiini cha 68000, mzee wa ukoo huohuo. Zana iliyokuwa kiganjani na mashine iliyokuwa kabatini zilitofautiana kwa umbo, bei na kazi, lakini akili zao zilitoka tumbo moja, na kwa kasi hazikuachana sana.

Palm haikuwa kifaa pekee wala kilichofaa zaidi. Kwa kipimo cha haki, HP 200LX ya mwaka 1994 iliishinda: ilikuwa na kibodi kamili yenye vitufe vidogo, iliendesha MS-DOS, ilionyesha safu 80 kwa mistari 25 kama teminali halisi, na programu ya mawasiliano ilikuja nayo kutoka kiwandani. Psion Series 5 ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1997, ilikuwa na kibodi ambayo mtu aliweza kuiandikia kurasa kadhaa bila kuchoka. Ila vifaa hivyo vilinunuliwa na watu waliovikusudia. Palm ilinunuliwa na kila mtu, meneja na mhasibu na fundi, na zana iliyo mfukoni saa nane usiku huishinda zana bora iliyoachwa nyumbani.

Kazi ilianza kwenye waya, na hapo ndipo wengi walipokwama. Kebo ya kulinganishia ya Palm iliishia kwa plagi jike ya pini 9, kwa sababu ilikusudiwa kuingia kwenye mlango dume wa kompyuta ya mezani. Cisco nayo ilitoa pamoja na ruta kebo bapa ya rangi ya samawati, yenye kichwa cha RJ-45 kila upande na nyaya zilizogeuzwa, ya kwanza ikitokea ya nane na ya pili ikitokea ya saba, pamoja na adapta ya pini 9 ambayo pia ilikuwa jike, kwa sababu ileile. Majike mawili hayaingiliani. Aliyetafuta kiunganishi chenye madume pande zote mbili aligundua kwamba bado hakuna kinachopita, maana tatizo la pili limejificha nyuma ya lile la kwanza: kebo ya Palm imefungwa ionekane kama modemu mbele ya kompyuta, na adapta ya Cisco inatarajia kompyuta. Kila upande unapokea kwenye pini ambayo mwenzake pia anapokea, na unapeleka ambako mwenzake anapeleka. Ilihitajika adapta inayovusha pini ya 2 kwenda ya 3 na ya 3 kwenda ya 2. Adapta hiyo iliuzwa madukani kwa bei ya chai na andazi, na thamani yake ilijulikana siku ilipokosekana.

Mafundi wenye mikono myepesi waliruka viunganishi vyote na kujitengenezea kebo moja. Kwa kuwa konsoli hiyo haitumii nyaya za kudhibiti mtiririko, nyaya tatu zinatosha. Pini ya 2 ya plagi ya Palm huenda pini ya 6 ya kichwa cha RJ-45 kinachoingia kwenye ruta, ya 3 huenda ya 3, na ya 5, ambayo ni ardhi, huenda ya 4 au ya 5. Kebo kama hiyo, fupi, isiyo na adapta za kuning'inia, hukunjwa ikakaa ndani ya mkoba mmoja na kifaa chenyewe. Ni kitu kidogo cha kujivunia, na anayeijua kazi hutambua hapo fundi aliyefikiria kabla ya kuitwa. Ubaya wake ni kwamba Palm ilibadilisha mlango wake kila baada ya muda: kebo ya Palm III ya mwaka 1998 haikuingia kwenye Palm V ya mwaka 1999, na ile ya Palm V haikuingia kwenye m500 ya mwaka 2001.

Baada ya waya ni programu. Palm haikuja na teminali, ila zilipatikana za kupakia. Online ya kampuni ya Mark/Space iliiga VT100, na ptelnet, iliyotolewa bure, iliweza kuzungumza na mtandao na pia na mlango wa siriali. Vipimo viliingizwa mara moja na kuhifadhiwa: 9600, 8, hakuna, 1, bila udhibiti wa mtiririko. Kisha fundi huchora mstari wa Enter na kungoja. Likitokea jina la ruta na alama ya >, kazi imeanza. Zikitokea alama zisizosomeka, mwendo wa biti haulingani na mtu fulani aliwahi kuubadilisha. Skrini ikibaki tupu, kosa liko kwenye waya au kebo imeingizwa kwenye tundu jirani, kwani matundu ya konsoli, ya modemu na ya mtandao huweza kuwa na umbo moja la RJ-45 na hutenganishwa kwa maandishi madogo na rangi tu.

Kuandika ndiko kulikoipa kazi hii sura yake. Palm haikuwa na kibodi. Herufi zilichorwa kwa kalamu ya plastiki kwenye mraba ulio chini ya skrini, kwa mtindo ulioitwa Graffiti, ambao karibu kila herufi ni mchoro mmoja usioinuliwa: A ni kilele kisicho na mstari wa katikati, T ni mstari wa kwenda kulia unaoshuka, F ni uleule ukianzia kulia. Nafasi ni mstari wa kwenda kulia, kufuta ni mstari wa kurudi kushoto, Enter ni mchoro unaoshuka mshazari kutoka juu kulia. Herufi huandikwa upande wa kushoto wa mraba na tarakimu upande wa kulia. Alama za uandishi hutanguliwa na kugusa mara moja, na nukta ni kugusa mara mbili. Anwani kama 192.168.10.1 ni michoro 9 na miguso 6, na mara baada yake hufuata kinyago cha mtandao, 255.255.255.0, chenye michoro 10 na miguso 6 mingine. Aliyezoea huandika bila kutazama mkono. Asiyezoea huandika G akapata 6, kisha huilaumu kalamu.

Mfumo wa Cisco, uitwao IOS, ulikuwa na sifa iliyoufanya uandishi huo uvumilike: hukubali amri iliyofupishwa, mradi herufi zilizobaki zisiweze kuwa amri nyingine. Amri ya kuonyesha hali ya milango yote, "show ip interface brief", ina herufi na nafasi 23. Ikiandikwa "sh ip int br" zinabaki 12, na ruta inaelewa vilevile. Ya kuhifadhi mipangilio, "copy running-config startup-config", ni 34, na ndani yake mna vistari viwili vya kugusiwa. Amri ya zamani ya kazi hiyohiyo, "wr", ni herufi 2. Alama ya kuuliza ikiwekwa popote hufungua orodha ya maneno yanayoweza kufuata, na kitufe cha Tab hukamilisha neno lililoanzwa. Mbele ya kibodi kubwa mtu hujifunza vifupisho hivi ili aonekane mjuzi. Mwenye kalamu alijifunza kwa lazima, na kwa kujifunza alipata kitu cha ziada: kujua hasa ni sehemu gani ya amri inayobeba maana. Anayeandika "int s0" na "no shut" amelazimika kufahamu ruta inatofautishaje maneno yake. Aliyenakili amri nzima kutoka kitabuni anaweza kumaliza mwaka bila kujiuliza.

Ucheleweshaji wenyewe ulikuwa faida. Kati ya herufi na herufi palikuwa na muda wa kuisoma amri kabla ya kuikamilisha, na katika kazi ambayo neno moja hukata mawasiliano ya jengo zima muda huo si hasara. Haifai, hata hivyo, kuukuza mno uzuri wa jambo hili. Fundi aliyesimama juu ya ngazi huku wafanyakazi wa benki wakingoja mitambo yao irudi hakuufurahia.

Kosa la uandishi lilikuwa na adhabu yake maalumu. IOS, isipobadilishwa, ikipewa neno moja isilolifahamu hudhani ni jina la kompyuta ambayo mtumiaji anataka kuunganishwa nayo. Hutangaza kwenye mtandao kuuliza anwani ya jina hilo, husubiri jibu lisilokuja, hujaribu tena, na muda wote huo konsoli imeganda. Kuikatiza kunahitaji kubonyeza Ctrl, Shift na 6 kwa pamoja, jambo jepesi kwenye kibodi na gumu kwa mtu mwenye kalamu moja. Ilibidi aitafute herufi hiyo ya udhibiti kwenye menyu ya programu, ikiwa ipo. Mwenye kuijua kazi alitanguliza dawa. Mara tu baada ya kuingia aliandika "no ip domain-lookup", na ruta ikaacha kubahatisha. Dawa ya pili ilikuwa "logging synchronous" kwenye mstari wa konsoli. Ruta hutangaza matukio yake kwenye konsoli wakati wowote, mlango umewaka, mlango umezimika, na matangazo hayo huangukia katikati ya amri iliyoandikwa nusu. Mtu wa kibodi hupuuza na kuendelea kuandika. Mtu wa kalamu, ambaye herufi kumi zilimgharimu juhudi, hakutaka zipotee kwenye kelele, na amri hiyo huifanya ruta iirudie sentensi yake pale alipoachia.

Kusoma nako kulikuwa na hesabu yake. Skrini ya Palm ilikuwa na nukta 160 kwa 160. Herufi 80 katika mstari zingepewa nukta 2 kila moja, na hakuna herufi inayosomeka kwa upana huo. Kwa nukta 4 zinaingia herufi 40, zilizobanana ila zinasomeka penye mwanga wa kutosha. Jedwali ambalo ruta imelipanga kwa safu 80 likawa linavunjika, kila mstari ukigeuka miwili, na hali ya mlango ikijikuta chini ya jina lake badala ya kando yake. Macho hujifunza kuyaoanisha. Lililo muhimu zaidi ni kuiarifu ruta ukweli kuhusu skrini: "terminal width 40" huzuia mstari unaoandikwa usijikunje ovyo, na "terminal length" ikipewa idadi ya mistari inayoonekana huifanya ruta isimame na kungoja kabla maandishi hayajapita juu. Hata hivyo mipangilio yote ya ruta haisomeki hivyo kwa raha. Fundi hakuomba yote. Aliuliza swali dogo, la mlango mmoja au njia moja, akapata jibu linaloenea kwenye skrini. Tabia hiyo ya kuuliza kwa kipimo ndiyo, pengine, iliyokuwa tunu kubwa ya zana hii, na wengi walibaki nayo hata waliporudi kwenye skrini kubwa.

Kwa mipangilio mirefu kulikuwa na njia ya mkato, na hapa ndipo shajara iliporudi kuwa shajara. Usiku wa kabla ya safari, kwenye kompyuta ya mezani, fundi aliandika mipangilio ya ruta ya tawi katika daftari la Palm, akailinganisha, akaondoka nayo mfukoni. Daftari hilo lilipokea takriban herufi 4000 kwa kila ukurasa wa kumbukumbu, na nafasi ya kunakilia ilibeba takriban 1000 kwa mkupuo, hivyo maandishi yaligawanywa vipande kwa mantiki: jina na nywila, milango, njia, vizuizi. Kipande kilibandikwa kwenye teminali, kikasomwa majibu yake, kikafuata kingine. Kubandika kwa pupa kulileta hasara. Konsoli haina udhibiti wa mtiririko, na ruta inaposhughulika na amri nzito huweza kuziacha herufi zinazofika nyuma yake. Amri iliyokatwa katikati huenda ikakataliwa, au, vibaya zaidi, ikakubaliwa ikiwa na maana nyingine. Zaidi ya hapo, Palm huendesha programu moja kwa wakati mmoja. Kwenda daftarini kuchukua kipande kingine ni kuifunga teminali. Ruta haijui kwamba mtu ameondoka na humngoja pale alipoachia, kwa dakika 10 kama haijaambiwa vinginevyo.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kurejesha ruta iliyosahaulika nywila yake. Njia inajulikana: ruta huzimwa na kuwashwa, na katika sekunde 60 za mwanzo hupelekewa ishara ya Break. Break si herufi. Ni waya wa kupeleka kushikiliwa kwenye hali ya biti 0 kwa muda mrefu kuliko herufi yoyote inavyoweza, na ruta ikiiona huacha kupakia mfumo wake na kubaki kwenye hali ya matengenezo. Hapo rejista ya usanidi, ambayo kwa kawaida ni 0x2102, hubadilishwa kuwa 0x2142, na biti moja tu iliyoongezwa huiambia ruta iwake bila kusoma mipangilio iliyohifadhiwa. Inawaka kama mpya, haiulizi nywila, na mipangilio ya zamani hupakiwa baadaye kwa mkono, nywila ikawekwa nyingine, milango ikawashwa mmoja mmoja kwa "no shut", rejista ikarudishwa kama ilivyokuwa.

Baadhi ya programu za Palm hazikuweza kutuma Break. Kulikuwa na hila ambayo hata nyaraka za Cisco ziliieleza, na uzuri wake unatosha kuusimulia taratibu. Teminali hupunguzwa mwendo hadi biti 1200 kwa sekunde, ruta huwashwa, na herufi ya nafasi hutumwa mfululizo kwa sekunde 10 hadi 15. Kisha mwendo hurudishwa 9600. Herufi ya nafasi huanza na biti ya kuanzia, iliyo 0, ikifuatwa na sufuri nyingine tano. Biti sita kwa mwendo wa 1200 huchukua milisekunde 5. Kwa ruta inayosikiliza kwa 9600, milisekunde 5 ni muda wa biti 48 za sufuri mfululizo, wakati herufi nzima kwake ni biti 10. Ruta haiwezi kuiona herufi hapo. Inaona waya umeshikiliwa, yaani Break. Kwa kalamu, nafasi ni mstari wa kwenda kulia. Fundi aliyesimama mbele ya kabati akichora mistari hiyo upesi upesi kwenye kioo kidogo alionekana kama mtu anayefuta vumbi, na mashine ikamfungukia.

Yalibaki mambo ya uangalifu. Betri mbili za Palm zilidumu wiki kadhaa kwa miadi na namba za simu, lakini mlango wa siriali ukifunguliwa hula umeme kwa kasi, kwa hiyo betri za akiba zilikuwa sehemu ya zana. Palm pia hujizima yenyewe baada ya dakika chache ili kuzihifadhi, tabia ambayo teminali nzuri iliizuia. Kumbukumbu yote ya Palm ilikuwa ya aina inayotegemea umeme: betri zikiondolewa kwa zaidi ya muda mfupi, daftari na mipangilio yake vilifutika. Ruta ina udhaifu uleule. Yanayoandikwa kwenye konsoli huanza kufanya kazi papo hapo lakini hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, na umeme ukikatika kabla ya "wr" hutoweka. Fundi alikuwa na vifaa viwili vinavyosahau, na alitakiwa kukumbuka kwa niaba ya vyote viwili.

Nywila zilizoandikwa daftarini zilikuwa hatari nyingine, maana kumbukumbu za siri za Palm zilifichwa tu bila kusimbwa, na kifaa cha mfukoni hupotea kwa urahisi. Busara ilikuwa kuacha nafasi tupu mahali pa nywila na kuijaza kwa kalamu palepale. Vilevile kuondoka: kabla ya kuchomoa waya, "exit", kwa sababu konsoli iliyoachwa wazi ikiwa na mamlaka yote humkaribisha yeyote atakayechomeka waya wake dakika chache baadaye.

Waliochoshwa na kalamu walipata kibodi za kukunja. Stowaway ya kampuni ya Think Outside, iliyoanza kuuzwa mwaka 1999, ilikunjuka kuwa kibodi ya ukubwa karibu kamili. Lakini ilitumia mlango uleule wa siriali uliohitajika kwa ruta, na kifaa kikabaki na mdomo mmoja kwa masikio mawili. Kwa kazi ya konsoli haikuwa na maana.

Hali ilibadilika taratibu. Palm zilihamia kwenye USB. Mwaka 2003 Graffiti ya asili ikaachwa kutokana na kesi ya hataza ambayo Xerox iliifungua mwaka 1997, na mahali pake pakachukuliwa na mtindo mwingine uliohitaji michoro miwili kwa baadhi ya herufi. Kampuni yenyewe ilinunuliwa na HP mwaka 2010. Kompyuta mpakato zikapungua uzito, zikapoteza mlango wa pini 9, na ruta zikaanza kuwekewa konsoli ya USB kando ya ile ya RJ-45. Kazi ya Palm ilirithiwa na simu janja. Adapta ya USB kwenda siriali ikichomekwa kwenye simu ya Android, au kebo iliyotengenezwa mahususi kwa iPhone, humpa fundi wa Kariakoo au wa San Jose teminali yenye rangi na safu 80 zinazosomeka, na ruta nyingi bado hutoka kiwandani na 9600, 8, hakuna, 1. Tatizo la uandishi halikuisha, lilihama. Kibodi ya simu hula nusu ya kioo na haina Ctrl wala Tab, kwa hiyo programu za teminali huongeza juu yake safu nyembamba ya vitufe vinavyokosekana, na katika zile zilizotengenezwa na watu waliowahi kusimama mbele ya kabati, kimojawapo ni Break.